Mheshimiwa Mgeni Anaomba Mji

Haikuwa zamani sana, wala haikuwa jana. Ilikuwa katika nchi ambayo mimi na wewe hatuijui, na hata tukiulizwa na polisi tutasema hatujawahi kuisikia. Alitua mnyama juu ya jabali linaloinamia barabara ya kuingilia Mji Mkuu. Kichwa chake kilikuwa cha mwanamke, nywele zimesukwa na macho yametiwa wanja. Kuanzia shingoni kwenda chini alikuwa simba jike. Mgongoni alikuwa na mabawa ya tai, mapana, yananuka mzoga.

Nchi nyingine wangechukua mikuki. Nchi hii ilichukua viti, meza na maji ya chupa, ikakaa kikao.

Waziri wa Wanyamapori alisema huyu ni wake, maana ana kucha. Waziri wa Anga akasema chochote chenye mabawa kiko chini yake, na huyu ametua bila kibali. Waziri wa Wanawake akasimama akasema mwenye nywele zilizosukwa haitwi mnyama, huo ni udhalilishaji, na aliyetamka aombe radhi mbele ya kikao. Wakagombana mpaka wakarushiana chupa. Huko nje mnyama alikwishakula msafara wa harusi, punda wa muuza maji, na trafiki aliyetumwa kumwambia asogee pembeni.

Mwisho Mtukufu Rais akakata shauri. Mnyama hana wizara. Ni mgeni. Kuanzia siku ile aitwe Mheshimiwa Mgeni, na atakayemwita vinginevyo ashughulikiwe.

Mheshimiwa Mgeni akafurahi. Akakohoa, akatema filimbi ya yule trafiki, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka vijijini:

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia mawaziri wote, na hiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana. Msiwacheke. Kila mtu wa nchi ile amekulia jikoni kwa bibi yake akitegewa vitendawili. Ukisikia neno lile mdomo unaitika wenyewe, ni kama kupiga chafya.

"Nyumbani kwangu kuna mlango," akasema Mheshimiwa Mgeni. "Nikiufunga, mwizi anaingia. Nikiufungua, mwizi anakimbia."

Ikaundwa Tume ya Majibu. Mwenyekiti wake alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuonekana msomi. Mjumbe mmoja alisema jibu ni mpaka wa nchi. Mwingine akasema ni geti la ikulu, akaambiwa akae chini haraka. Wakala chakula cha mchana, wakala na cha jioni. Mwisho mwenyekiti akapanda jabalini, akavua miwani zote mbili, akasema, "Mheshimiwa, tumeshindwa."

"Basi nipeni mji."

Kwenye mchezo wa jikoni, aliyeshindwa hutoa mji. Unataja mji wowote unaokuja kichwani, mtegaji anasema nimekwenda, nimekula, nimeshiba, halafu anatoa jibu na mchezo unaendelea. Mji wenyewe haupungui hata tofali. Kwa hiyo mwenyekiti, kwa mazoea tu, akasema, "Chukua Tondolo." Alitaja Tondolo kwa sababu watu wake hawakutoka kupunga bendera siku Mtukufu Rais alipopita. Siku hiyo mvua ilinyesha, lakini mvua si sababu.

Mheshimiwa Mgeni akakunjua mabawa, akaenda Tondolo.

Alirudi alasiri, tumbo linagusa jiwe, kipande cha bati kimekwama kwenye meno. "Nimekwenda Tondolo," akasema, kwa adabu zote za mchezo. "Nimekula, nimeshiba, nimelala. Jibu ni mdomo."

Watu walilia. Lakini katika kulia wakasema, jamani, angalau jibu tunalo. Akiuliza tena, tutamjibu, atakwenda zake.

Msimu wa mavuno uliofuata akauliza tena, kitendawili kile kile, hakubadilisha hata neno. Tume wakati huo ilikuwa imeshakua ikawa Wizara ya Majibu, ina jengo lenye lifti na walinzi. Na jibu lilikuwa limetangazwa kuwa siri ya taifa. Ilikuwa siri ya ajabu. Nchi nzima iliisikia ikitamkwa jabalini, watoto waliijua, kasuku waliijua, na ndiyo maana ilihitaji ulinzi mkali.

Waziri wa Majibu akazungumza redioni. "Ndugu wananchi," alisema, "kujibu ni rahisi. Hata mtoto anaweza kujibu. Serikali makini haifanyi mambo ya kitoto. Isitoshe, Mheshimiwa Mgeni akijibiwa ataondoka, na dunia itasema hatujui kukaa na wageni."

Akampa Kichangasi. Kichangasi ndio mji uliokuwa umeuliza habari za Tondolo.

* * *

Katika nchi hiyo kuna mji unaitwa Sagamo, na katika Sagamo alikaa mwanamke anaitwa Sikitu, mkaanga kalimati. Mumewe alikuwa Kibwana, kinyozi, mtu wa utani, mpenda pilipili. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Tunu, mwenye maneno mengi kama redio iliyokosa swichi.

Siku habari za Kichangasi zilipofika, Kibwana alikuwa ananyoa ndevu za mtu mmoja anaitwa Sufiani, ambaye wakati huo alikuwa hana kazi inayojulikana. Alikuwa ameshamaliza shavu la kulia. Akasimamisha wembe hewani, akasema, "Khaa! Hawa wakubwa nao! Si wamwambie tu mdomo, aende zake?"

Sufiani aliinuka na povu lake kidevuni, akatoka bila kuaga.

Kabla povu halijakauka, walikuja wanaume wawili wakamwambia Kibwana anahitajika kwenye mafunzo mafupi.

Sikitu alipeleka chakula kituoni kila siku. Kilipokelewa vizuri, kwa asante na karibu tena, na jioni sufuria ilirudishwa. Siku ya kwanza alifunua kifuniko akakuta wali umekwisha wote, lakini pilipili zote zimeachwa chini. Akasema labda leo hakujisikia. Siku ya pili pilipili zimeachwa chini. Siku ya tatu Sikitu hakufunua tena sufuria pale pale kituoni. Aliifunulia nyumbani, amefunga mlango, akaziangalia zile pilipili, akajua kwamba anayekula si Kibwana. Hakumwambia mtu. Aliendelea kupeleka chakula, maana kuacha kupeleka ingekuwa kama kusema kitu.

Na Sufiani? Hakuna kinyozi Sagamo aliyethubutu kukigusa tena kile kidevu. Akabaki na ndevu upande mmoja. Alipopewa cheo cha Afisa Utulivu wa Mji, wadogo zake kazini wakaona labda hivyo ndivyo wakubwa wanavyonyoa, nao wakanyoa shavu moja. Mpaka leo, ukifika nchi ile ukaona mtu ana ndevu nusu, msalimie vizuri.

* * *

Baada ya hapo Sikitu akawa na kazi moja tu duniani: kumbakisha Tunu hai. Kalimati zilikuwa za kuwapitisha siku.

Asubuhi moja alikuwa anakoroga unga, mtoto amekaa kwenye kigoda anasubiri iliyovunjika apewe yeye. Tunu akasema, "Mama, hivi kile kitendawili cha Mheshimiwa Mgeni mbona rahisi? Mlango ukiufunga mwizi anaingia, si ni mdo..."

Sikitu alimrukia. Mkono wake wote, na unga wake wote unaonata, akaubandika kwenye mdomo wa mtoto mpaka kichwa kikagonga ukuta.

"Nani kakufundisha?"

Tunu akatikisa kichwa chini ya mkono.

"Nakuuliza, nani kakufundisha?" Akaulegeza mkono kidogo.

"Hakuna, mama. Nimefikiri tu."

"Usifikiri! Baba yako alifikiri!" Kisha akakumbuka dirisha liko wazi, akaongeza kwa sauti ya kuwafikia majirani, "Baba yako yuko mafunzoni, anaendelea vizuri!"

Mtoto akajilamba unga midomoni. Macho yamejaa machozi, lakini maneno hayakumwisha. "Mama, kama wote tunajua, kwa nini..."

Mkono ukarudi.

Kuanzia siku ile Sikitu akabuni dawa. Kila asubuhi, mlangoni, alimpa Tunu funda la maji. Asimeze, asiteme, mpaka afike shuleni na ateme mbele ya mwalimu kwenye bustani ya maua. Mwenye maji mdomoni hawezi kuropoka njiani. Jirani yake Bi Mwanakombo, mwanamke mtu mzima aliyeuza mkaa, alimwona mtoto anapita mashavu yamevimba kama chura.

"Huyu jino linamuuma?"

"Namfunza adabu, shangazi."

"Adabu gani ya kufuga maji?"

"Wewe huna mtoto mdogo," Sikitu akasema, na akaingia ndani.

Bi Mwanakombo hakuwa na mtoto mdogo, ni kweli. Alikuwa na wakubwa wawili, na walikuwa wakifanya kazi Tondolo.

Lakini akina mama wengine waliiona ile dawa wakaipenda. Haukupita muda watoto wote wa Sagamo wakawa wanakwenda shule mashavu yamejaa, barabara nzima kimya, miguu tu ndiyo inasikika. Maua ya shule yalistawi kuliko ya wilaya nzima. Sufiani alipopita na ndevu zake nusu akaona, akauliza, akaambiwa ni akili ya Mama Tunu. Akamtumia salamu.

Sikitu alipopata zile salamu, alikaa chini. Usiku wa siku ile alilala usingizi, kwa mara ya kwanza tangu Kibwana aende.

* * *

Shuleni likaja somo jipya, Somo la Kushindwa. Lilifundishwa kabla ya hesabu, wakati akili bado mbichi. Mwalimu alisimama mbele akasema kitendawili, watoto wakaitika tega. Akatega kile kile cha mlango na mwizi. Watoto walitakiwa wakunje uso kana kwamba wanafikiri, wajikune kichwa, kisha wote kwa pamoja waseme, "Tumeshindwa! Chukua mji!"

Aliyekunja uso kidogo alikosa alama. Aliyesema "mji" kwa huzuni alikosa alama. Aliyejibu alipelekwa kwa Afisa Utulivu, yeye na mzazi.

Mwanzoni Tunu lilimsumbua. Neno lilimfika kwenye meno, mwalimu akaona midomo inacheza. Sikitu akaitwa. Alipiga magoti kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, akaapa kwa mama yake aliyekufa kwamba mtoto ana kigugumizi. Waliporudi nyumbani hakumpiga. Ingekuwa heri angempiga. Alimkalisha akamwonyesha ile sufuria, akamweleza habari ya pilipili, yote, kwa mnong'ono, mpaka mwisho.

"Umeelewa?"

Tunu aliiangalia sufuria muda mrefu. Akaitika kwa kichwa.

Tangu hapo akawa hodari. Alikunja uso vizuri kuliko mtoto yeyote. Alisema chukua mji kwa sauti safi, tamu, kama anayekaribisha mtu chakula. Na nje ya hilo akawa hasemi. Kwanza hakusema shuleni. Halafu hakusema njiani hata bila maji. Halafu akawa hasemi nyumbani. Akitaka kalimati ananyoosha kidole, akitaka kulala analala.

"Mwanao siku hizi hasemi kabisa," Bi Mwanakombo akamwambia Sikitu walipokutana kisimani.

"Ametulia. Amekua."

"Nimemuuliza hujambo, kaniangalia kama ukuta."

"Shangazi, mimi nataka mtoto mzima. Mwenye maneno nilishakuwa naye, mnajua yuko wapi."

"Sikitu," Bi Mwanakombo akasema, na akaweka ndoo chini, "wewe huna mtoto mzima. Una nusu, kama ndevu za yule mwanaharamu."

Sikitu alichukua maji yake akaondoka. Wakakaa miezi hawasemezani. Sikitu aliona ni nafuu, maana Bi Mwanakombo alikuwa anaongea kwa sauti kubwa mno.

Mwisho wa mwaka Tunu alipewa Nishani ya Kimya ya Taifa, daraja la watoto. Wazazi wote waliitwa. Sufiani akapanda jukwaani, akalipapasa shavu lake safi, akahutubia.

"Wazazi! Nchi nyingine zinajisifu zina watoto wanaojua majibu. Mimi nawauliza, kujua ni nini? Mbuzi anajua njia ya nyumbani. Sisi tuna watoto wanaojua jibu na hawalisemi. Huo ndio usomi uliokomaa! Huo ndio usomi wa kiwango cha serikali! Namwona mtoto huyu hapa, baba yake alikuwa na kasoro ndogo ya mdomo, lakini mama yake, kwa unga na maji, ameirekebisha. Mama, simama watu wakuone!"

Sikitu akasimama. Watu hawakupiga vigelegele, maana kigelegele hutokea mdomoni na kilikuwa bado kinachunguzwa. Wakapunga leso. Leso nyingi, kimya, kama mazishi ya mtu mkubwa. Sikitu akalia kwa furaha. Akamkumbatia mwanawe, na nishani ikamchoma kifuani, akasema moyoni: nimemvusha.

* * *

Sasa watu wa Sagamo walikuwa na hesabu yao. Tondolo hawakupunga bendera. Kichangasi waliuliza. Sisi tumepunga, hatujauliza, watoto wetu wanatembea na maji mdomoni. Kwa hiyo sisi hatutolewi.

Ni hesabu nzuri. Wizara nayo ilikuwa na yake. Miji yenye kelele ilikuwa imekwisha, na hata hivyo miji yenye kelele ilisumbua wakati wa kuliwa, watu walipiga mayowe, walirusha mawe, sherehe zikaharibika. Waziri akauliza, ni mji gani tukiutoa hakuna atakayesema kitu? Wote mezani wakajibu mara moja. Kumbe walikuwa wanaweza.

Waziri mwenyewe alikuja Sagamo na bendi. Watu walikusanyika uwanja wa gulio, watoto mbele kwa sare zao, mashavu yamejaa. Waziri alikuwa mnene, ndevu zake nusu zimepakwa mafuta.

"Wana Sagamo!" akasema. "Leo nimewaletea heshima ambayo miji mingine inaisikia redioni tu. Mmechaguliwa! Katika nchi nzima, Mheshimiwa Mgeni atakula kwenu kwa sababu kwenu ni pasafi, ni patulivu, na watu wake hawana gubu. Historia itawaandika. Kwa herufi kubwa!"

Leso chache zikapungwa, kwa mazoea. Kisha mikono ikashuka polepole, kila mtu akimwangalia mwenzake.

Kivuli kikapita juu ya mabati. Upepo wa mzoga ukashuka. Mheshimiwa Mgeni akatua katikati ya uwanja, mkubwa kuliko habari zake. Alikuwa amenenepa. Simba ndani yake alikuwa hawezi tena kukunja miguu, na ule uso wa mwanamke ulikuwa na mashavu mawili ya ziada. Wanja ulikuwa umemchuruzika.

Alisema kitendawili. Watoto wakatema maji yao kwa pamoja, wakaitika tega. Akatega ule mlango na ule mwizi. Lakini hakuomba mji. Akazungusha macho kwenye zile nyuso, moja baada ya moja, na kila aliyeangaliwa akaangalia miguu yake.

"Mnajua," akasema taratibu. Haikuwa swali. "Naliona jibu kwenye shingo zenu, limekaa hapo kama mfupa wa samaki. Huko nilikotoka waliogopa kama nyinyi, na niliwala kama nyinyi. Lakini siku moja akaja mpita njia, kilema, miguu imevimba, akanijibu mbele ya watu wote, nikafukuzika kama mbwa. Jibu moja! Sina dawa ya jibu. Hapa kwenu nimekuja nimekonda, nikasema nitakula mji mmoja nikamatwe." Akacheka, na mdomoni mkaonekana bati. "Haya. Simtaki waziri. Mtu yeyote wa Sagamo. Mmoja tu aseme."

Waziri akawa anajifuta jasho. Sufiani akasimama mbele ya watoto, akawaonyesha kidole mbele ya midomo yake, taratibu, kama mwalimu wa kwaya.

Sikitu alikuwa kwenye mstari wa wazazi. Alisubiri mtu aseme. Aliwaangalia wanaume, wanaume waliziangalia kofia zao. Alimtafuta Bi Mwanakombo, yeye wa sauti kubwa. Watu wakanong'ona kwamba tangu alfajiri alikwishachukuliwa kwenye mafunzo mafupi. Ndipo akapasua mstari, akaenda mpaka kwa mwanawe, akamshika mabega.

"Tunu. Sema."

Tunu akakunja uso vizuri, akajikuna kichwa.

"Siyo hivyo! Sema lile neno, mwanangu. Ulilijua jikoni kwangu, wewe mwenyewe, hukufundishwa na mtu. Sema, mama nakuruhusu. Tunu! Nakuomba!"

Mtoto alimwangalia kwa macho makavu, na nishani kifuani. Midomo haikucheza. Sikitu akaona kwamba hakatai. Anatafuta. Anatafuta mahali pa kuanzia, na hapaoni, kwa sababu mama yake alipaziba kwa mkono wake mwenyewe.

"Basi mimi," Sikitu akasema. Akageuka kumkabili Mheshimiwa Mgeni. Akavuta pumzi, na neno lile zima zima likamfika kwenye meno, lile lile lililomwondoa Kibwana. Akafungua.

Mkono mdogo ukamfunika mdomo.

Tunu alikuwa amesimama kwenye ncha za vidole. Alibandika kiganja chake kwa nguvu zake zote, kama alivyofundishwa, machozi sasa yanamtiririka, akitikisa kichwa, hapana, hapana, hapana. Alikuwa anamwokoa mama yake.

"Nipeni mji," akasema Mheshimiwa Mgeni, na kwenye sauti yake kulikuwa na kitu kama kuchoka.

Sufiani akashusha mkono. Watoto wa Sagamo, waliofundishwa vizuri kuliko watoto wote wa wilaya, wakasema kwa sauti moja safi na tamu:

"Tumeshindwa! Chukua mji!"

* * *

Redio ilitangaza kwamba sherehe zilikwenda vizuri. Ni kweli. Hapakuwa na yowe. Waliokuwa wepesi wa miguu walifika mji wa jirani, Lugonza, wakaitwa wageni wasio rasmi. Waliokuwa wazito hawakuitwa kitu tena. Sufiani alikuwa mzito. Inasemekana Mheshimiwa Mgeni alimla upande mmoja tu.

Sikitu na Tunu walifika Lugonza na kile walichovaa. Wakapewa kibaraza cha kulala nyuma ya mashine ya kusaga. Nishani Sikitu aliitupa chooni. Na kila siku, kunapokucha, alimkalisha mtoto mbele yake akamwambia, "Kitendawili!" akasubiri. Alimtegea vya jikoni, vya watoto wadogo, vya yai, vya kuku, vya moshi. Tunu alimwangalia, akajikuna kichwa. Funda la maji alilompa miaka yote lilikuwa bado limo, na Sikitu hakujua atalitoaje.

Akaona asubuhi moja watoto wa Lugonza wanakwenda shule. Mashavu yao yamevimba.

Alisimama katikati ya njia kama aliyepigwa. Akamshika mama mmoja aliyekuwa anamsindikiza mwanawe. "Dada, nani kawafundisha hii?"

"Aa, hii inatoka Sagamo," yule mama akasema kwa fahari. "Inafanya kazi kweli."

Sikitu akakimbia mpaka sokoni, Tunu nyuma yake. Akapanda juu ya kreti la nyanya, nywele wazi, khanga imemlegea, akapiga kelele:

"Jamani! Mimi ndiye wa maji! Mimi ni Mama Tunu! Msiwape! Nimemziba wangu kwa mkono huu, nikamwita mzima! Jibu ni mdomo! Jibu ni mdomo! Jibu ni mdomo!"

Wanawake wakawaziba watoto wao masikio. Muuza nyanya akamvuta khanga. "Dada, tafadhali, shuka. Wewe ni mgeni, sisi tuna watoto."

"Nami nilikuwa naye!"

"Shuka, dada. Lugonza hatuna kelele. Hatutolewi sisi."

Mtu mwenye ndevu nusu akageuka kutoka kwenye kibanda cha kahawa. Akaweka kikombe chini, bila haraka. Sikitu alimwona. Aliona pia, mbali, juu ya mabati ya shule, kitu kipana kinazunguka angani taratibu. Hakushuka kwenye kreti. Akafuta uso kwa kiganja kile kile, akavuta pumzi mpaka tumboni.

"Kitendawili!" akasema.

Mamia ya watu, waliokulia majikoni kwa bibi zao, na hakuna aliyepiga ile chafya. Wanaangalia vikapu vyao. Mwenye ndevu nusu akapita katikati yao, wakampisha.

"Kitendawili!" akasema tena.

Chini ya kreti, kwenye maganda ya vitunguu, kitu kikakwaruza, kama mlango wa siku nyingi unaosukumwa kwa ndani.

"Tega," akasema Tunu.

Nami hadithi hii nimeiweka mdomoni mwenu. Mkitaka imezeni, mkitaka itemeni, lakini msikae nayo humo mkaifunga.